Siki Husafisha, Lakini Haitwaharishi



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharamishia vilivyo vibaya. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, katika toleo la mwaka huu tumependa kuzungumzia kitu ambacho kipo katika majiko mengi na ambacho bei yake si kubwa, nacho ni siki, ambayo wengine huiita vinega. Huenda msomaji akashangaa kuona walimu wa madrasa wanaandika habari za achari na kusugua birika. Lakini maswali tuliyoulizwa darasani na wazazi wanaokuja kuwachukua watoto ndiyo yaliyotusukuma. Maswali hayo ni matatu. La kwanza, je, siki ya dukani si pombe? La pili, mtoto akikojoa juu ya zulia na mama akapapangusa kwa siki mpaka harufu ikaisha, je, mahali hapo pamekuwa twahara? La tatu, je, ni kweli kwamba siki hutibu kila maradhi kwa kuwa imetajwa katika Sunna?

Rai yetu tunaitanguliza mapema ili isipotee katika maelezo. Sisi tunaona kuwa siki inafaa kuwepo katika kila nyumba, kwa mapishi na kwa usafi. Lakini itumike kwa elimu. Mwenye kuitumia bila elimu anaweza kuiharibu swala yake, au afya ya watoto wake, au vyote viwili kwa pamoja.

SIKI KATIKA SUNNA

Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimchukua nyumbani kwake, vikaletwa vipande vya mkate, naye akauliza kama kuna kitoweo. Akaambiwa hakuna ila siki kidogo. Akaitaka, akawa anakula huku akiisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Jabir alisema kuwa tangu siku hiyo akawa anaipenda siki. Bibi Aisha (R.A.) naye amepokea sifa hiyo hiyo.

Wanazuoni wamezungumza juu ya maana ya sifa hii. Al-Khattabi aliona kuwa makusudio yake ni kutufundisha kukinai na kutoiendekeza nafsi kwa vyakula vya gharama. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, akasema kuwa lililo sawa ni kuwa hadithi inaisifu siki yenyewe, ama kukinai ni jambo linalojulikana kwa dalili nyingine. Ibnul Qayyim katika Zaadul Ma'aad akaongeza faida nyingine: Mtume aliisifu siki kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo, ili kumtuliza moyo aliyemletea, wala si kwa kuifanya bora kuliko nyama, maziwa au asali.

Tutazame adabu iliyomo humo. Kiongozi wa umma anatengewa mkate na siki, naye anasifu. Ni wangapi kati yetu ambao wakitengewa ugali na mchicha hununa, na kauli zao zikamuumiza mke au mama aliyesimama jikoni tangu mchana? Kabla hatujanunua chupa ya siki kwa ajili ya Sunna, tuanze na Sunna hii isiyouzwa dukani: kusifu kilichopo.

JE, SIKI SI POMBE?

Ni kweli kwamba siki hupitia katika ulevi kabla ya kuwa siki. Maji ya matunda au kitu chochote chenye sukari kikichacha, sukari yake hugeuka kileo. Kikiendelea kupata hewa, vijidudu vingine hukigeuza kileo kile kuwa asidi asetiki, na hiyo ndiyo inayoipa siki ukali wake. Mwanasayansi wa Kifaransa, Louis Pasteur, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1860, akaonyesha kuwa kazi hiyo hufanywa na viumbe hai vidogo mno. Huko Goa, Sri Lanka na Ufilipino siki hupatikana kutokana na tembo la mnazi kwa njia hiyo hiyo.

Wanafunzi wetu wanaosoma Safinatun Najaa ya Sheikh Salim bin Sumayr wanakumbuka kuwa miongoni mwa najisi zinazogeuka kuwa twahara ni ulevi ukigeuka siki wenyewe. Ukishageuka, hukumu ya ulevi imeondoka, na siki hiyo ni halali pamoja na chombo chake. Hitilafu ipo katika ulevi uliogeuzwa kwa kutiwa kitu ndani yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i siki ya namna hiyo haitwahariki, na dalili yao ni hadithi ya Anas (R.A.) katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya kuufanya ulevi kuwa siki, akakataza. Wanazuoni wa Kihanafi wanaona inajuzu na inakuwa halali. Walilokubaliana wote ni kuwa Muislamu haruhusiki kununua ulevi wala kuuweka nyumbani ili aunywe, kisha akajitetea kuwa anangoja ugeuke siki.

Sasa, siki zetu za dukani ni za namna gani? Kwa jumla ni mbili. Ya kwanza ni ile iliyochachishwa kutokana na matunda, nafaka au molasi ya miwa. Ya pili ni asidi asetiki iliyotengenezwa kiwandani na kuzimuliwa kwa maji. Hii ya pili wengi huidharau kuwa si siki ya asili, na kwa ladha huenda wanasema kweli, lakini ukishaizimua asidi kwa maji hapana ulevi uliopita hapo. Ama ile ya kwanza, neno la Kiingereza "spirit" likionekana kwenye karatasi ya chupa lisimtishe mtu akadhani ndani mna pombe. Maana yake ni kuwa ilianzia katika kileo kilichokenekwa, kisha kikageuzwa siki. Kwa mwenye kufuata madhehebu ya Shafi'i na kutaka kujitoa katika hitilafu, ile ya kuzimuliwa au yenye alama ya halali ni salama zaidi kwake. Lakini tunakataza kuwatia watu dhambini kwa jambo ambalo maimamu wamehitilafiana. Mgeni akitengewa achari kwa jirani asianze kumhoji kama askari wa forodha.

JIKONI

Siki ya kawaida ya kupikia huwa na asidi asetiki kiasi cha asilimia 4 hadi 5 au zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Ukali huo mdogo unatosha kwa kazi nyingi. Achari ya embe, ya ndimu au ya pilipili hukaa muda mrefu kwa sababu vijidudu vingi vinavyoozesha chakula haviwezi kustawi katika uchachu. Kwa hiyo anayetengeneza achari asipunguze siki kwa kuongeza maji ovyo ili ijae chupa nyingi za kuuza. Uchachu ukipungua, kinga nayo imepungua, na mla achari ndiye atakayeumia. Kufanya hivyo ni ghushi katika biashara.

Samaki mwenye shombo akioshwa kwa maji yaliyotiwa siki kidogo, kisha akasuuzwa, shombo hupungua, kwa kuwa kinacholeta harufu ile huvunjwa nguvu na asidi. Nyama ya mishkaki ikilazwa kwa siki, tangawizi na kitunguu saumu hulainika, ila isilazwe muda mrefu kupita kiasi ikawa kama imepikwa nje na kukauka. Kitunguu cha kachumbari kikilowekwa kidogo katika siki hupunguza ukali wake. Na asiyekuwa na ndimu msimu zinapoadimika bei yake ikapanda, kijiko cha siki humfaa.

Tahadhari moja ya jikoni: siki isihifadhiwe wala achari isiwekwe katika sufuria ya aluminiamu, ya shaba au ya chuma. Asidi hula madini hayo na kuyaingiza katika chakula, na ya shaba ni sumu. Chupa ya kioo au chombo cha udongo kilichotiwa rangi ya kung'aa isiyo na risasi ndivyo vinavyofaa, au plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula.

USAFI WA NYUMBA

Sisi watu wa mwambao tunayajua maji ya visima vyetu. Yanapita katika mawe ya matumbawe na kuchukua chokaa, ndiyo maana birika la chai baada ya miezi michache huota ukoko mweupe ndani. Ukoko huo hausikii sabuni wala steeliwaya. Tia siki na maji kwa kiasi sawa, acha kwa nusu saa au saa moja, utaona mapovu madogo. Chokaa inayeyuka na kutoa hewa. Kisha mwaga, suuza mara mbili tatu, na uchemshe maji matupu mara moja uyamwage kabla ya kupika chai. Njia hiyo hiyo hufaa kwa vitundu vya bomba la kuogea na midomo ya mabomba ya kutawadhia ambayo maji yake yameanza kutoka kwa upande.

Vioo vya madirisha hupanguswa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha vikakaushwa kwa gazeti au kitambaa kikavu. Tunanasihi hapa kuwa gazeti hilo litazamwe kwanza, lisiwe lina aya za Qur'ani au jina la Allah. Jokofu lenye harufu, ubao wa kukatia kitunguu, na njia waliyopita sisimizi ukutani, vyote hupanguswa kwa maji hayo hayo.

Lakini siki isimwagwe juu ya marumaru, sakafu ya terazo au ya saruji. Asidi ile ile inayokula chokaa ya birika itaila na sakafu, na mng'aro wake hautarudi. Wala isichanganywe na magadi soda kwa kudhani kuwa mapovu mengi ndiyo usafi mwingi. Viwili hivyo huuana nguvu, na baada ya mapovu kwisha kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Kitumike kimoja baada ya kingine kimeshasuuzwa.

Vile vile siki haiui kila kijidudu. Nyumba yenye mgonjwa wa kuharisha au kipindupindu haitegemei siki; hapo panatakiwa sabuni, maji safi na dawa ya klorini kama wanavyoelekeza wataalamu wa afya.

KUSAFISHA NI KUMOJA, KUTWAHARISHA NI KUNGINE

Sasa tumefika katika lile swali la zulia, nalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa linagusa swala.

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo tunayosomesha, najisi haiondoki ila kwa maji mutlaq, yaani maji yaliyobaki katika asili yake. Siki si maji. Hivyo basi, mama aliyepangusa mkojo kwa siki mpaka rangi na harufu vikaisha, ameondoa kinachoonekana na kunuswa, lakini hukumu ya najisi ipo palepale. Wanafunzi wa Safina wataitambua mara moja: imetoka kuwa najisi ainiyya imekuwa najisi hukmiyya, isiyo na rangi, harufu wala ladha, na dawa yake ni kupitishiwa maji.

Na kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Kimiminika kisichokuwa maji kikigusa najisi hunajisika, hata kikiwa kingi. Kwa hiyo yule aliyemwaga siki juu ya mkojo na kusugua huku na huku, ameipanua najisi badala ya kuiondoa. Mahali palipokuwa na ukubwa wa sahani pamekuwa na ukubwa wa sinia, na kitambaa nacho kimenajisika. Kisha mtu anatandika msala juu yake, au asitandike kabisa, akasujudu hapo. Zulia linanukia vizuri, lakini swala ina walakini. Hili ndilo linalotuhuzunisha, kwa kuwa mwenye kufanya hivyo ametaka kheri.

Utaratibu ulio sawa ni huu. Kwanza, kausha mkojo kwa kitambaa mpaka unyevu uishe. Pili, mimina maji safi juu yake yakapaenea na kupashinda, kama Mtume (S.A.W.) alivyoamrisha ndoo ya maji imiminwe pale bedui alipokojoa msikitini. Tatu, kausha tena. Hapo pameshatwaharika. Ikiwa baada ya hapo pamebaki harufu ambayo ni taabu kuiondoa, hiyo imesamehewa, na sasa ndipo siki inapokaribishwa kuimaliza. Kwa ufupi, maji kwanza, siki baadaye. Na mtoto mchanga wa kiume asiyetimiza miaka miwili na ambaye chakula chake ni maziwa tu, mkojo wake ni najisi hafifu. Hunyunyiziwa maji yakapaenea baada ya kukausha. Wa kike huoshwa.

Tunajua kuwa baadhi ya familia za wanafunzi wetu ni Wahanafi, na katika madhehebu yao siki na vimiminika vingine vyenye kuondoa najisi vinaweza kuitwaharisha nguo na mwili. Hao wana dalili zao na tunawaheshimu. Lakini hata wao hawajuzishi kutawadha kwa siki. Katika madhehebu yote manne udhu na josho havisihi kwa siki.

CHUPA ZINAZOUA

Allah (S.W.T.) ametukataza kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu (Al-Baqara, aya ya 195). Na humu majumbani yapo maangamizo tunayoyaweka wenyewe juu ya kabati.

La kwanza ni kuchanganya siki na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ambayo wengi huiita jiki. Mtu anafua kanzu, anaona jiki pekee haitoshi, anaongeza siki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ikaharibu mapafu ya askari wengi. Ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha, kiasi kidogo tu kinatosha kumchoma mtu macho, koo na kifua. Ndimu na dawa kali za kusafishia choo nazo zisichanganywe na jiki, kwani nazo ni asidi. Ikitokea bahati mbaya, toka nje upesi, fungua mlango na madirisha, usirudi kuchungulia, na anayekohoa au kubanwa na kifua apelekwe hospitali.

La pili ni kununua asidi asetiki kali isiyozimuliwa na kuizimua nyumbani kwa kukisia. Asidi hiyo huunguza ngozi na macho. Kinachotoka hapo si siki ya kumlisha mtoto. Nunua siki iliyofungwa, yenye jina la mtengenezaji, tarehe na alama ya ubora.

La tatu, nalo tunaliona kila mwaka hapa madrasa, ni kuhamishia siki, jiki au mafuta ya taa katika chupa za maji ya kunywa na za soda. Mtoto aliyetoka kucheza akiwa na kiu hasomi, anakunywa. Tunawaomba wazazi: kila kitu kikae katika chupa yake, kiandikwe jina, na kiwekwe juu mkono wa mtoto usipofika.

SI DAWA YA KILA KITU

Siku hizi wapo wanaouza siki ya tufaha na kumwambia mgonjwa kuwa ni dawa ya Mtume inayotibu kisukari, shinikizo la damu na hata saratani, basi aache vidonge. Tumeshaeleza hapo juu kuwa Mtume (S.A.W.) aliisifu siki kuwa ni kitoweo. Kumzulia kuwa amesema inaponya kisukari ni kumsemea asilolisema, na dhambi yake ni nzito mno. Mgonjwa akipenda kutia siki katika kachumbari yake hapana ubaya, lakini dawa za daktari asiziache. Wala asinywe siki tupu, kwani hula meno na kuunguza koo.

KAZI YA NANI?

Neno letu la mwisho ni kwa wavulana. Mkisoma makala hii mkadhani imeandikwa kwa ajili ya dada zenu, mmekosea. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumbani mwake, na ukifika wakati wa swala akatoka. Hadithi hiyo iko katika Sahih Bukhari. Basi kijana wa madrasa na asugue birika, apanguse vioo, na ajue namna ya kulitwaharisha zulia aliloswalia mama yake. Likizo hii tunampa kila mwanafunzi kazi moja: akirudi nyumbani aulize chupa za usafi zimewekwa wapi na zimo ndani ya nini, na awafundishe wadogo zake ule utaratibu wa maji kwanza, siki baadaye. Elimu ya Safina ambayo haikufika jikoni na chooni bado haijafika.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) azitakase nyumba zetu na nyoyo zetu, atukinaishe kwa alichoturuzuku, na azipokee swala zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.